Kubadili hedi gasketi ya Supra ya zamani yenye injini ya 7M, mwanzo mpaka mwisho

Wakuu, mwenye Supra ya MA70, ile ya taa za kuinuka iliyotoka 1986 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, anaujua ugonjwa wake. Hedi gasketi, yani ile gasketi inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku iliyobeba silinda. Gari yenyewe ni tamu na ni ngumu, mwaka 1987 ile ya 3.0 isiyo na turbo ilikuja Safari Rally kule Kenya ikamaliza nafasi ya tatu mikononi mwa Msweden Lars-Erik Torph, na njia za Safari za miaka ile zilikuwa zinaua magari kweli kweli. Ila leo ukiikuta mahali inauzwa bei chee basi kuna uwezekano mkubwa maji yanaingia kwenye silinda. Naandika hii manake inaniuma kuona hizi gari zinawekwa juu ya mawe au injini inang'olewa na kupachikwa nyingine, wakati 7M ukiifunga inavyotakiwa inadumu bila shida.

Kwanza hakikisha una 7M kweli. Sio kila Supra ya umbo lile inayo, za Japani nyingine zilikuja na 1G ya 2.0 (hizo ni GA70) na kuanzia 1990 ikaingia 1JZ-GTE ya 2.5 (JZA70). Soma kibati cha chesisi. 7M ni 2954cc, silinda sita za mstari mmoja, kamshafti mbili, valvu 24. 7M-GE haina turbo, 7M-GTE ina turbo ya CT26. Namba zote za kukaza nitakazotoa hapa ni za 7M tu, usizipeleke kwenye 1JZ.

KWANINI INAUNGUA

Hili lielewe kabla hujashika spana. Bloku ya 7M ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenyewe ni ndefu, inafunika silinda sita, kwahiyo kila ukiwasha na kuzima gari hedi inasogea kidogo juu ya gasketi, miaka nenda rudi. Kinachozuia hapo ni mkazo wa bolti 14 tu. Na kiwandani hizo bolti zilikazwa 78 Nm (ukitumia toki renchi, yani spana inayopima nguvu ya kukaza, ya futi paundi ni 58), ambayo kwa injini hii ni ndogo. Gasketi ikishasinyaa na umri mkazo unapungua zaidi, moto wa silinda unapata upenyo, basi.

Maana yake ni kwamba gasketi yenyewe haina kosa kubwa. Fundi akikutolea gasketi iliyoungua, akaweka mpya, akakaza kwa hisia za mkono au kwa namba ile ile ya kiwandani, bila kupima kama hedi imepinda, basi ugonjwa haujaguswa na utarudi. Wengi ndo wanaposemea 7M ni mbovu.

THIBITISHA KABLA HUJAFUNGUA

Dalili zinajulikana: kulanti inapungua na chini huoni tone, moshi mweupe wenye harufu tamu tamu ambao hauishi hata injini ikishapata moto, mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, temperecha inapanda ukikaa foleni au ukikanyaga, oili imegeuka kama chai ya maziwa. Lakini dalili moja peke yake haitoshi. Huo utando mweupe chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu kwa gari inayotembea safari fupi fupi, na kuchemsha kunaweza kuwa feni klachi imekufa au rejeta imeziba. Kwahiyo pima.

Piga kompresheni, yani pima presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Plagi zote sita nje, fyuzi ya EFI (mfumo wa kumwaga petroli) nje, betri imejaa, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wakati anapiga stata. Andika namba ya kila silinda. Toyota wanataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1.0 kg/cm², yani kama 14 psi. Ukikuta silinda mbili zinazopakana zote ziko chini wakati nyingine ziko sawa, gasketi imekatika katikati yao, hapo huna haja ya kutafuta zaidi. Plagi nazo ziangalie vizuri, ile ya silinda inayokunywa maji mara nyingi inakuwa safi kupita wenzake manake mvuke unaiosha.

Kompresheni ikiwa sawa bado usiitangaze mzima. Kuna kile kipimo cha maji ya bluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta, kinavuta hewa ya juu ya kulanti, moshi wa silinda ukiwemo maji yanageuka njano. Bei yake ndogo na kinakamata zile gasketi zinazovuja kidogo kidogo. Au kama una kompresa peleka pistoni ya silinda unayoishuku juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, sukuma hewa kupitia tundu la plagi, alafu chungulia rejeta. Mapovu yakija umeshapata jibu.

Oili ikiwa imeshachanganyika na maji SIMAMISHA gari hapo hapo, vuta kwa kamba. Beringi za konrodi za 7M sio za kuchezea, maji kwenye oili yanazimaliza haraka sana, na ukiiendesha "mpaka nyumbani tu" kazi ya gasketi inageuka kazi ya injini nzima.

Na zile dawa za kumwaga kwenye rejeta eti zinaziba gasketi, achana nazo kabisa. Zinaziba rejeta na hita kabla hazijaziba kitu kingine, na siku ukifungua hedi utakuta tope kwenye njia zote za maji.

AMUA NJIA MOJA KATI YA MBILI

Hapa ndo pa kutuliza akili kabla hujaagiza spea.

Njia ya kwanza: injini inabaki ndani ya gari. Hedi tu ndo inatoka inaenda kuskimiwa, yani kuchongwa uso wake unyooke. Unatumia gasketi ya kawaida ya kampaundi kama ya Toyota yenyewe, bolti mpya, na unakaza zaidi ya namba ya kiwandani. Wengi wenye hizi injini wanakaza 98 Nm (72 kwa futi paundi) na zinakaa miaka.

Njia ya pili: injini inatoka nje, bloku inapelekwa kwa mchongaji nayo inaskimiwa, unafunga gasketi ya chuma na stadi za ARP (vyuma vya meno vya kufungia kwa nati badala ya bolti). Hii ni kwa mtu anayetaka kupandisha busti (presha ya hewa) ya turbo.

Kosa linalofanyika sana ni kuchanganya, mtu ananunua gasketi ya chuma ya bei kubwa alafu anaiweka juu ya bloku ambayo haijaskimiwa. Gasketi ya kampaundi ni laini, inajaza mikwaruzo midogo. Ya chuma haijazi, inataka uso ulionyooka na laini sana juu na chini, bila hivyo inavuja kuanzia siku ya kwanza. Kama injini haitoki, chukua ya kampaundi na uwe na amani. Mimi kwa gari ya kutembelea mjini yenye busti ya kiwandani sioni sababu ya njia ya pili.

Spea za 7M usitegemee kuzikuta dukani Kariakoo zimepangwa, nyingi utaagiza Japani, Marekani au Uarabuni, kwahiyo agiza kila kitu kwa mpigo: gasketi seti nzima ya juu (iwe na sili za valvu, gasketi za manifodi, za turbo, za vifuniko), bolti za hedi, taimingi belti na puli yake ya kukazia, sili za kamshafti, wota pampu, themostati, mipira yote ya maji, orings za nozeli, chujio la oili. Mipira midogo ya nyuma inayoenda kwenye hita usiisahau, gari ikishafungwa hufiki tena kule kirahisi.

Vifaa visivyo na mbadala ni viwili. Toki renchi inayosema kweli, na rula ya chuma iliyonyooka kikweli pamoja na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo). Kama toki renchi huna, azima. Usipoipata, usianze.

KUFUNGUA

Injini iwe baridi kabisa, bora iwe imelala usiku mzima. Hedi ya alumini ukiifungua bolti ikiwa ya moto inapinda.

Siku moja kabla pulizia dawa ya kutu kwenye nati zote za ekzosi manifodi, turbo na daunpaipu, urudie jioni. Toa teminali hasi ya betri. Mwaga maji ya rejeta na ya bloku pia, bloku ina plagi yake ya kumwagia ubavuni, ukiiruka maji yatakayobaki yataingia kwenye silinda ukinyanyua hedi. Toa presha ya petroli kabla hujagusa paipu zake, na hapo sigara iwe mbali.

Piga picha na simu kila hatua, kila mpira na kila soketi ya waya bandika karatasi ya gundi yenye namba. 7M ina mipira ya vakyumu mingi mno na baada ya wiki mbili kumbukumbu haitakusaidia.

Ukiwa na GTE toa kwanza lile paipu kubwa linalopita juu ya injini, alafu koili na waya za plagi, nozeli na reli yake, alafu inteki manifodi. Hii manifodi ina mabraketi yanayoishikilia kwa chini, usiivute kwa nguvu kabla hujayapapasa na kuyafungua yote. Ikishatoka chini yake utaona noki sensa mbili kwenye bloku (za GTE), waya zake kwa umri huu zinakuwa zimekauka zinakatika kwa kuguswa tu, huu ndo wakati wa kuzibadili manake bila sensa hizo kompyuta haijui injini inagonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), na kugonga ndo kunaua gasketi mpya.

Upande wa ekzosi fungua paipu za oili na maji za turbo, ziba matundu na kitambaa safi, alafu tenganisha manifodi na hedi. Mipira ya hita kule nyuma kwenye ukuta wa gari usiivute, ikate kwa wembe, mipya si unayo.

Sasa taimingi. Zungusha krenki kwa soketi, kwa mwelekeo wa saa, mpaka alama ya krenki puli isome 0 na alama za puli mbili za kamshafti zikae kwenye alama zake za kifuniko cha nyuma. Weka na rangi yako mwenyewe, hata rangi ya kucha inafaa. Legeza puli ya kukazia, toa belti. Kuanzia hapo hakuna kuzungusha kitu.

Toa vifuniko viwili vya juu, bolti 14 utaziona. Zifungue kuanzia miisho kuja katikati, kwa zamu, robo mzunguko kila moja, unarudia raundi mbili tatu mpaka zote zilegee. Usifungue moja mpaka mwisho ndo uende nyingine.

Hedi ni nzito, muwe wawili. Ikigoma kunyanyuka usiingize bisibisi kati ya hedi na bloku, mkwaruzo mmoja pale ni hasara, igonge kwa nyundo ya mpira pembeni au tafuta sehemu iliyotokeza uibinue hapo. Ilaze juu ya mbao, sio sakafuni, na usiilaze kifudifudi kama kamshafti bado zimo manake kuna valvu zimechomoza.

Kabla ya kutupa gasketi ya zamani iangalie kwenye mwanga. Pale moto ulipopita kuna weusi na ile pete ya chuma inayozunguka silinda imeliwa au imekatika. Linganisha na namba zako za kompresheni, vikikubaliana vizuri, visipokubaliana shuku ufa kwenye hedi.

KUPIMA NA KUSKIMU

Safisha uso wa hedi, weka rula kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe zote mbili, jaribu kupitisha fila geji chini yake. Kikomo cha hedi ni 0.10 mm. Fanya hivyo hivyo kwenye bloku, ila hapo niko mkali zaidi, bloku ikizidi 0.05 mm mimi siifungi, injini inatoka.

Ukiipeleka kwa mchongaji mwambie aipime presha KWANZA kabla ya kuskimu, yani aizibe njia za maji, apige hewa, aizamishe kwenye maji ya moto aone kama kuna ufa. Hedi iliyochemka sana hupata nyufa kati ya siti za valvu, na haina maana kulipia kuskimu hedi iliyopasuka. Askimu kidogo iwezekanavyo, na muulize katoa kiasi gani, andika. Hedi ikishushwa kamshafti zinasogea karibu na krenki na kompresheni inapanda, ikishatolewa nyingi inabidi gasketi nene zaidi. Waambie pia wabadili sili za valvu na waangalie siti wakiwa humo humo.

Wanaosugua hedi kwa msasa juu ya kioo mezani siwaungi mkono kwa hii injini. Hedi ya silinda sita ni ndefu mno kwa mkono wa binadamu kuinyoosha.

Hedi ikirudi pima nafasi za valvu kamshafti zikiwa zimefungwa, injini baridi: inteki 0.15 mpaka 0.25 mm, ekzosi 0.20 mpaka 0.30 mm. 7M inatumia shim (vibati vya unene tofauti) za juu ya kikombe cha valvu kwahiyo unabadili shim tu.

USAFI

Hapa watu wanaharakisha na hapa ndo pa kukaa siku nzima. Jaza vitambaa kwenye silinda na njia zote za oili na maji za bloku. Mabaki ya gasketi yatoe kwa wembe ulioulaza na dawa ya kulainishia gasketi. Usitumie zile brashi za duara za kwenye grenda! Zinachimba mabonde na vumbi lake ni msasa mtupu, likishuka kwenye oili linasaga beringi zote na injini inakufa muda mfupi baada ya kazi yote hii.

Matundu ya bolti kwenye bloku ndo siri ambayo wengi hawaijui. Yakiwa na oili, maji au uchafu chini, bolti inafika kwenye uchafu, toki renchi inalia "tayari" wakati hedi haijabanwa, na mbaya zaidi maji yaliyobanwa chini ya bolti yanaweza kupasua bloku. Chukua bolti ya zamani, ikate mfereji wa wima kwenye meno kwa msumeno mwembamba, ipitishe kwa mkono kila tundu itoe uchafu, alafu puliza hewa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Matundu yote 14.

Kama oili ilikuwa na maji, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) uangalie beringi za konrodi kabla hujafunga juu. Najua sampu ya hii gari injini ikiwa ndani ni kazi ya kuchosha, ila beringi zikiwa zimeshaliwa mpaka kwenye shaba gasketi mpya haitasaidia kitu.

KUFUNGA

Futa nyuso zote mbili na kitambaa chenye thina mpaka kisitoke na weusi. Weka gasketi kavu, hakuna silikoni, hakuna grisi, kama ni ya chuma fuata karatasi yake. Ilinganishe na matundu ya bloku moja moja, hasa ya oili, gasketi iliyogeuzwa inaziba njia ya oili na kamshafti zinakauka. Shusheni hedi wima juu ya zile pini za kuiongoza, isitue ikaburuzwa.

Bolti zipake oili safi kwenye meno na chini ya kichwa, kidogo tu. Kavu inadanganya toki renchi manake nguvu nyingi inaishia kwenye msuguano. Ziingize kwa mkono zote, alafu kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko, mara tatu: raundi ya kwanza 40 Nm, ya pili 70, ya tatu 98. Vuta toki renchi taratibu kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukiona bolti inazunguka tu bila kukaza simama, meno ya bloku yameondoka au bolti inavutika, usijifariji.

Wenye stadi: zinaingia kwenye bloku kwa vidole tu, hazikazwi, unatumia grisi iliyokuja nazo na namba ya karatasi yao, sio hii ya kwangu.

Kamshafti kama zilitolewa zioshe, zipake oili, vikofia vyake vina namba na mshale, kila kimoja kirudi kwake. Kaza kidogo kidogo kwa zamu mpaka 20 Nm, ukiharakisha upande mmoja kamshafti inaweza kukatika. Sili mpya za mbele, na silikoni nyembamba kwenye vikofia vya kwanza tu.

Belti: hakikisha krenki bado iko 0 na kamshafti ziko kwenye alama, vesha belti upande ambao hauna puli ya kukazia ukiwa umenyooka, acha springi ivute, kaza. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, rudi kwenye 0, angalia alama upya. Kama hedi ilishushwa sana unaweza kuona alama za kamshafti zimepishana kidogo mno, hilo ni la kawaida, ila likifika jino zima umekosea, rudia. Ikigoma kuzunguka mahali popote usilazimishe.

Manifodi, nozeli na orings mpya, mipira ya maji, turbo na gasketi zake, rudisha vyote. Mipira ya hewa kati ya mita ya hewa na injini kaza yote kwa uangalifu, hewa inayoingia bila kupimwa inafanya mafuta yawe machache na silinda iwe ya moto kupita kiasi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

MAJI NA THEMOSTATI

Huku kwetu kuna tabia ya fundi kutoa themostati akisema nchi ni ya joto haihitajiki. Irudishe. Bila themostati maji yanakimbia ovyo, injini inachelewa kufikia joto lake, oili inabaki nzito na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi. Na maji ya bomba nayo yaache, hasa nyie wa Dar, Tanga na Mombasa ambako maji mengi yana chumvi, bloku ni ya chuma inaoza na kutu inaenda kuziba rejeta. Weka kulanti nusu na maji yaliyochujwa ya betri nusu. Kifuniko cha rejeta kiwe kipya, cha presha ya 0.9 kg/cm², kilicholegea kinashusha kiwango cha maji kuchemka.

Nyanyua pua ya gari kwa jeki na stendi, fungua hita mpaka mwisho, jaza taratibu, minya mipira kwa mkono hewa itoke.

KUWASHA

Oili mpya na chujio jipya lazima. Chomoa fyuzi ya EFI, piga stata vipande vifupi mpaka taa ya oili izime, ndo urudishe fyuzi uwashe. Itatoa moshi mweupe dakika za kwanza, ni maji yaliyobaki kwenye ekzosi, usiogope, lakini ukiendelea baada ya safari ya kwanza ogopa. Kaa na injini mpaka feni ivute kwa nguvu na mpira wa chini wa rejeta upate moto, ongeza kulanti inavyoshuka. Angalia chini, angalia nyuma ya hedi na tochi.

Taimingi ya moto usiikisie. Unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, elekeza taa ya taimingi, isome nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, injini ikiwa ya moto na iko sailensa ya kawaida bila kukanyagwa. Ikizidi hapo injini inagonga. Kiboksi hicho hicho ndo kinakupa kodi za hitilafu kwa taa ya injini kupepesa, zisome kabla hujatoka barabarani.

Zima, iache ilale. Kesho yake ikiwa baridi kabisa, kwa mwenye gasketi ya kampaundi, toa tena vifuniko vya juu na ukaze upya: bolti moja moja kwa mpangilio ule ule wa katikati kwenda nje, legeza kidogo alafu irudishe 98 Nm, ndo uende inayofuata. Utashangaa namna baadhi zinavyokuwa zimelegea. Rudia tena baada ya kama kilomita 800 mpaka 1000. Kazi hii ndo inayotofautisha 7M inayokaa na 7M inayorudi gereji, na hata kama gasketi yako haijaungua bado, kukaza huku peke yake unaweza kufanya sasa hivi na ukaokoa pesa nyingi.

Oili ibadili kwenye kilomita 500, ya kwanza imebeba uchafu wa kazi. Busti usiipandishe na usiikimbize kwenye muda huo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha rejeta uone kiwango, kishuke kidogo wiki ya kwanza sawa, hewa inajitoa, kikiendelea kushuka wiki ya pili rudi na kile kipimo cha maji ya bluu. Ukifika kilomita 1000 piga kompresheni tena, namba sita ziandike na uzitunze kwenye gari, siku ukishuku kitu unalinganisha na hizo badala ya kuanza kubahatisha.